Mishale ya Ishi: kwa nini kila upinde unachagua mshale wake

Tarehe 29 Agosti 1911, wafanyakazi wa machinjioni karibu na mji wa Oroville, katika jimbo la California, magharibi mwa Marekani, walimkuta mwanaume mmoja kwenye uzio wa mifugo. Alikuwa amekonda kwa njaa. Nywele zake zilikuwa zimechomwa kwa moto hadi zikawa fupi, alama ya msiba kwa watu wake. Hakujua Kiingereza, na hakuna mkaaji wa mji aliyesikia lugha yake. Mkuu wa polisi akamweka katika chumba cha gereza, si kwa kosa lolote, bali kwa kukosa mahali pengine pa kumpeleka.

Siku chache baadaye, Thomas Waterman wa Chuo Kikuu cha California alifika akiwa na orodha ya maneno ya lugha ya Wayana. Akasoma neno moja baada ya lingine mpaka mtu yule akatambua moja, na uso wake ukabadilika. Alikuwa wa Wayahi, tawi la kusini la Wayana. Jina lake hakulitaja kamwe, sababu kwa desturi yao mtu hajiiti mwenyewe mbele ya wageni. Profesa Alfred Kroeber akampa jina Ishi, neno la Kiyana lenye maana ya mtu. Jina hilo ndilo historia imelishika.

Historia ya Ishi inajulikana sana Marekani kama historia ya mtu wa mwisho wa kabila lake. Hapa itasimuliwa kwa njia nyingine, kupitia mishale yake. Kwa wasikilizaji wa Ituri, wa Katanga na wa kwingineko ambako wazee bado wanajua kuchonga upinde, njia hii itawafaa zaidi. Na jambo ambalo Ishi alilifanya kwa mikono yake liliwachukua wataalamu wa fizikia miaka mingine 20 na zaidi kulieleza.

Kwanza, ni lazima kueleza Wayahi walikuwa wapi na kwa nini walibaki na upinde wakati jirani zao wote walikuwa na bunduki. Nchi yao ilikuwa mabonde ya mito Mill Creek na Deer Creek, chini ya mlima wa volkano Lassen. Dhahabu iligunduliwa California mwaka 1848, na wageni wakafurika kwa makumi ya maelfu. Mito ilichafuliwa, wanyama wakakimbia, na kila ng'ombe alipopotea, walowezi walijikusanya na bunduki na kwenda kuua Wayahi bila kutofautisha mwanaume, mwanamke na mtoto. Miaka ya 1860 ilikuwa mibaya kuliko yote. Waliobaki, watu wachache sana, wakaingia mabondeni na kujificha.

Walijificha karibu miaka 40. Walitembea juu ya mawe wasiache alama za miguu, waliwasha moto mdogo usiotoa moshi mwingi, na vijia vyao vilipita chini ya vichaka ambapo mtu alitambaa kwa magoti. Katika maisha ya namna hiyo bunduki ni adui hata ikiwa mkononi mwako: mlio wake unasikika bonde zima. Upinde hausikiki. Lakini mshale unaokosa mnyama una hasara mbili. Chakula kimekimbia, na mshale wenyewe umelala mahali ambapo mgeni anaweza kuuokota na kujua kwamba kuna watu. Kwa familia ya Ishi, mshale kwenda pale ulipolengwa haukuwa mchezo.

Mwezi wa Novemba 1908, wapima ardhi waliotumwa na kampuni ya umeme walifikia kambi yao kando ya Deer Creek. Watu wakakimbia, isipokuwa mama mzee mgonjwa aliyefunikwa kwa mablanketi. Wapimaji hawakumdhuru mama yule, lakini walibeba karibu kila chombo walichokuta pale, pamoja na pinde na mishale, wakaenda navyo kama vitu vya ukumbusho. Mtu aliyewahi kurudi nyumbani na kukuta hata sufuria zimechukuliwa haitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Miaka mitatu baadaye, aliyekuwa hai ni Ishi peke yake.

Kroeber na Waterman walimpeleka San Francisco, kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu. Akaishi humo, akilipwa mshahara mdogo kwa kazi za usafi. Jirani na jumba hilo kulikuwa na shule ya udaktari, na mmoja wa walimu wake, mpasuaji Saxton Pope, akawa rafiki yake. Kuanzia mwaka 1912 Ishi alimfundisha Pope kutumia upinde, naye Pope akaandika na kupima kila alichokiona. Maandishi hayo, ya mwaka 1918 na kitabu cha mwaka 1923, ndiyo yanayotuwezesha leo kujua fundi huyu alifanya kazi namna gani.

Upinde wake ulikuwa mfupi, wa mti wa milimani uitwao juniperi. Hakuupima kwa rula. Alinyoosha mkono mmoja pembeni, na urefu wa upinde ukawa kutoka kiganja hicho hadi nyonga ya upande wa pili, karibu sentimeta 107. Ncha mbili za upinde alizipasha moto juu ya jiwe na kuzikunja kuelekea mbele, upande wa mnyama, kisha akazifunga zikauke hivyo. Ncha zilizokunjwa namna hiyo zinaongeza nguvu ya kusukuma bila kuongeza urefu wa mti. Mgongo wa upinde aliufunika kwa kano za kulungu, alizozitafuna mpaka zikalainika, na kuzibandika kwa gundi ya ngozi ya samaki samoni iliyochemshwa. Kuuvuta upinde huo kikamilifu kulihitaji nguvu ya kuinua kilo 18 hadi 20. Ishi alisema upinde usiotumika ulazwe chini, kwa sababu ukisimamishwa unaendelea kufanya kazi na kuchoka.

Lakini upinde ni nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo rahisi. Pope alishangaa zaidi kuona muda ambao Ishi aliutumia juu ya mishale.

Alikata matawi manyoofu ya kichaka kiitwacho hezeli, yenye unene wa karibu milimeta 9 na nusu baada ya kubambuliwa maganda, akayafunga pamoja na kuyaacha yakauke kivulini. Yalipokauka, aliyapitisha moja moja juu ya makaa na kuyanyoosha kwa mikono, mara nyingine kwa kuyakandamiza kwenye kidole gumba cha mguu. Kisha ikafika kazi ndefu. Alichukua vipande viwili vya jiwe la mchanga vyenye mfereji, akaweka mti wa mshale katikati, akausugua ukizunguka, akautazama kwa jicho moja, akausugua tena. Aliposimama, unene ulikuwa umeshuka hadi karibu milimeta 8.

Milimeta moja na nusu, mtu atasema, ni kitu gani? Hapa inafaa kusimama kidogo, maana siri yote iko hapa. Ukakamavu wa fimbo ya duara, yaani namna inavyokataa kunepa, hauendi sawasawa na unene wake. Unaongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Fimbo yenye unene wa maradufu haina ukakamavu mara mbili, ina mara 16. Kwa hesabu hiyo, mti wa Ishi uliposuguliwa kutoka milimeta 9 na nusu kufikia 8, ulipoteza karibu nusu ya ukakamavu wake. Kila mzunguko wa jiwe ulikuwa unaufanya mshale unepe zaidi. Kwa hiyo fundi anayesugua bila kujali anaweza kupita kipimo katika muda mfupi tu, na mti uliopunguzwa hauwezi kurudishiwa kilichotoka.

Lakini kwa nini mshale unepe hata kidogo? Watu wengi wanadhani mshale mzuri ni ule usionepa kabisa. Hili ndilo swali lililowasumbua wapiga upinde wa Ulaya na Marekani. Tazameni upinde wa kawaida: kamba, ambayo kwa Kiswahili cha zamani inaitwa ugwe, inarudi kwa nguvu kuelekea katikati ya mti. Lakini katikati pamejaa mti wenyewe, na mshale hauwezi kupita ndani yake, unalala pembeni. Ukivutwa nyuma, unaelekea karibu pale unapolenga. Kamba inaporudi mbele, mkia wa mshale unaletwa katikati, na kwa hiyo ncha inapaswa kusukumwa pembeni, nje ya shabaha. Kwa hesabu za karatasi, kila mshale ungekwenda kombo. Hata hivyo mishale inakwenda moja kwa moja. Mapema katika karne ya 20 wapiga upinde wa Marekani walilipa fumbo hili jina, na daktari Robert Elmer, aliyekuwa pia bingwa wa upinde, ni mmoja wa waliolieneza.

Jibu lilionekana kwa macho miaka ya 1930. Clarence Hickman alikuwa mtaalamu wa fizikia katika maabara za simu za Bell. Alipokuwa kijana alisaidia majaribio ya roketi ya Robert Goddard, na mlipuko ukamkata sehemu ya vidole, jambo ambalo halikumzuia kupenda upinde. Alitumia kamera za kasi kubwa sana kupiga picha za mshale wakati unatoka. Picha zikaonyesha kitu ambacho jicho haliwezi kukamata. Kamba inapousukuma mshale ghafla kutoka nyuma, mti wake unanepa kama nyoka. Kwanza tumbo lake linakandamiza upinde, kisha linaruka kuelekea upande wa pili, nje, na wakati huo huo mkia unapita kando ya upinde bila kuugusa. Mshale unauzunguka upinde. Ukishatoka unaendelea kutetemeka hivyo angani, kidogo kidogo, mpaka unatulia.

Kumbe basi suala ni wakati. Mshale lazima uwe umenepa na kurudi kwa mwendo unaolingana na mwendo wa kamba ya upinde ule. Tukichukua mtu anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa vidole vitatu vya kulia, kama walivyozoea Wazungu, makosa yanaonekana wazi. Mshale mkakamavu mno haunepi vya kutosha, unagonga upinde na kwenda kushoto. Mshale mlegevu unanepa kupita kiasi na kwenda kulia. Mwenye kutupa atalaumu mkono wake, atabadilisha namna ya kulenga, na kesho akishika mshale mwingine atakosea upande wa pili. Mkono hauna kosa. Mishale yake ndiyo haifanani.

Mafundi wa mishale ya mti walibuni kipimo chepesi ambacho hakihitaji mashine. Unapigilia misumari miwili kwenye ubao, yenye umbali wa sentimeta 66. Unalaza mti wa mshale juu yake. Katikati unatundika uzito wa gramu 900 hivi, karibu kilo moja kasoro kidogo, na kupima mti umeshuka kiasi gani. Kwa upinde wa kuvuta kilo 23, mti unaofaa unashuka karibu milimeta 13. Kwa upinde wa kilo 18, unashuka milimeta 16 au 17. Vipimo hivyo viliwekwa kwa mishale mirefu ya sentimeta 71, kwa hiyo mwenye mshale mfupi asiviamini kama amri. Mshale uliokatwa mfupi unakuwa mkakamavu zaidi kuliko ulivyokuwa. Na kigumba kizito mbele kinafanya kinyume: kinaufanya mti unepe zaidi, sababu uzito wa mbele unachelewa kuondoka wakati kamba inasukuma kutoka nyuma.

Hapo tunaielewa pia sehemu nyingine ya kazi ya Ishi. Mbele ya mti wa hezeli aliunganisha kipande kifupi cha mti mzito zaidi, akakichomeka katika tundu alilolichimba kwa mfupa, na kwenye kipande hicho ndipo alipofunga kigumba cha jiwe la volkano au cha kioo cha chupa. Aliongeza uzito mbele, kwa hiyo ilimbidi auache mti wa nyuma na ukakamavu wa kuubeba uzito huo. Hakuwa na misumari wala mizani. Alipinda mti kwa vidole na kuusikiliza, kama mama anavyojua unga wa ugali umetosha bila kupima.

Pope, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliandika kwamba kwenye shabaha za mashindano, kwa umbali mkubwa, Wazungu walimshinda Ishi. Lakini Ishi hakufundishwa kwa mashindano. Aliita sungura kwa kufyonza vidole vyake kwa sauti ya mnyama aliyeumia, akangoja asogee, akapiga kwa umbali wa hatua chache. Shabaha ya duara la rangi mbali kule ilikuwa kwake mchezo wa watu wenye muda.

Kwetu Kongo kuna kitu cha kulinganisha. Katika msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, Wambuti wengi wanawinda kwa nyavu, lakini ndugu zao Waefe ni watu wa upinde. Upinde wao pia ni mfupi, kwa sababu katika msitu mnene mtu hana nafasi ya kuinua mti mrefu, na mnyama anaonekana akiwa karibu sana. Mishale yao ni ya aina mbili. Ule wenye kigumba cha chuma, ambacho kwa desturi kilitoka kwa majirani wao wakulima Walese kwa kubadilishana na nyama na asali, ni wa wanyama wa chini kama mboloko. Mwingine hauna chuma kabisa, ni mti mwepesi uliochongwa ncha na kupakwa sumu, wa kupigia nyani juu ya miti. Mahali pa manyoya, huko nyuma, wanachomeka kipande cha jani.

Kwa mtu aliyeelewa kazi ya Hickman, uchaguzi huo una maana kubwa. Upinde ni mmoja, lakini mshale wa chuma una uzito mbele, na ule wa sumu hauna. Mti mmoja usingefaa kwa yote mawili. Na sumu inapofanya kazi ya kuua, mshale hauhitaji uzito wala nguvu ya kupenya sana, unahitaji tu kufika. Vita vilivyotikisa Mambasa na Irumu vimezitoa familia nyingi msituni na kuzipeleka kando ya barabara na kwenye kambi, mahali ambapo mtoto hana mti wa kukata wala mnyama wa kufuata. Kijana anaweza kuelezwa kwa mdomo jinsi mzee wake alivyochagua mti. Vidole vyake havitajua mpaka avunje kadhaa.

Mwezi wa Mei 1914, Kroeber, Waterman na Pope walimwomba Ishi awarudishe Deer Creek. Mwanzoni hakutaka, kule kulikuwa na wafu wake. Mwisho alikubali, na kwa wiki kadhaa aliwaonyesha vijia, mapango, mahali pa kuvua samoni, na akawatajia majina ya sehemu nyingi zilizochorwa kwenye ramani. Aliwinda mbele yao kwa upinde. Kisha akaomba warudi San Francisco, ambako sasa ndiko alikuita nyumbani.

Kifua kikuu kilimuua tarehe 25 Machi 1916. Katika jeneza lake marafiki waliweka upinde mmoja, mishale mitano, kikapu cha unga wa mbegu za mwaloni, tumbaku, shanga za kombe na vipande vya jiwe la volkano, na vyote vikachomwa pamoja na mwili. Ubongo wake ulikuwa umetolewa wakati wa upasuaji wa maiti, kinyume na matakwa ya Kroeber aliyekuwa mbali. Lakini Kroeber huyo huyo baadaye aliutuma kwenye Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na hilo ni jambo ambalo wanaomsifu hulipitia haraka.

Mishale mingine ilibaki kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu, mjini Berkeley. Miaka ya 1990, mtaalamu Steven Shackley alivichunguza vigumba vyake na kuona kwamba umbo lake halifanani na vigumba vya zamani vya Wayahi vilivyochimbwa ardhini. Vilifanana zaidi na vya majirani wao, Wawintu na Wanomlaki, waliokuwa hata maadui wa Wayahi. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba Ishi huenda alizaliwa au kulelewa katika familia ya mchanganyiko, wakati mabaki ya makabila mbalimbali yalipokusanyika mabondeni kukimbia bunduki, na mwanaume aliyemfundisha kuchonga alikuwa mtu wa upande ule mwingine.

Mwaka 2000, baada ya madai ya Waindio wa California, ubongo ulirudishwa kwa watu wa Redding Rancheria na wa Pit River, jamaa wa karibu zaidi wa Wayana. Wakauzika pamoja na majivu yake katika nchi ya mlima Lassen, mahali ambapo hawakupatangaza.